Mwale unageukaje kama hakuna kinachogeuka? Jibu kuhusu rada za safu tendaji

Swali: Nimezoea rada ya sahani inayozungushwa na mota. Sasa nasoma kwamba rada ya safu tendaji haina mota, mwale wake huhama papo hapo, na hata moduli moja kati ya kila kumi ikifa rada inaendelea na kazi. Mwale unageukaje kama hakuna kinachogeuka? Na hiyo habari ya moduli kufa ina ukweli kiasi gani? Mimi na wenzangu wawili tunataka kujenga safu ya antena 8 kwenye gigahezi 10 kama mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi. Tuanzie wapi, na ni wapi watu hukwama?

Jibu:

Sahani haitengenezi mwale kwa umbo lake tu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mawimbi yanayotoka sehemu zote za uso wa antena yanasonga mbele yakiwa yamepatana, kilele kwa kilele na bonde kwa bonde. Upande yanakopatana ndiko kwenye mwale, na upande yanakopingana kuna kimya. Mota inapoigeuza sahani, inachogeuza hasa ni mwelekeo wa kupatana huko. Safu hufanya jambo lilelile kwa njia nyingine: badala ya uso mmoja kuna antena ndogo nyingi, na kila moja huambiwa ichelewe kiasi gani. Ukichelewesha zile za kulia kuliko za kushoto, mawimbi yatapatana kulia. Upande ulio karibu zaidi na shabaha ndio unaosubirishwa ili wa mbali uufikie.

Ucheleweshaji huo hupimwa kwa fezi, ileile ya mafundi umeme wanaposema fezi tatu: mawimbi ya aina moja yaliyopishana kwa sehemu ya mzunguko. Mzunguko mzima ni nyuzi 360. Kwa gigahezi 10 urefu wa wimbi ni milimita 30. Antena zikiwa milimita 15 kutoka moja hadi nyingine, na mwale ukitakiwa nyuzi 30 kulia, tofauti ya fezi kati ya majirani ni 360 mara umbali wa antena mara sini ya pembe, gawanya kwa urefu wa wimbi: 360 × 15 × 0.5 ÷ 30 = 90. Antena zako 8 zitapewa 0, 90, 180, 270, halafu 0, 90, 180, 270 tena, maana nyuzi 360 ni sawa na 0. Kwa nyuzi 20 tofauti inakuwa 61.6, na orodha ni 0, 61.6, 123.1, 184.7, 246.3, 307.8, 9.4 na 70.9. Kuandika namba nane mpya ndani ya chipu huchukua maikrosekunde chache (maikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), na ndiyo maana mwale huruka kutoka upande hadi upande bila kupita katikati.

Wazo lenyewe ni la zamani. Karl Ferdinand Braun alionyesha mwaka 1905 kwamba antena kadhaa zilizopishanishwa fezi hutuma mawimbi upande mmoja kuliko mwingine. Kilichochelewa ni uwezo wa kuweka amplifaya nyuma ya kila antena, na hapo ndipo neno "tendaji" linapoingia.

Safu tulivu na safu tendaji

Katika safu tulivu kuna chanzo kimoja kikubwa cha nguvu, mara nyingi tyubu, na nguvu yake hugawanywa kupitia mabomba na vigeuza fezi hadi kwenye antena. Rada ya Zaslon ya ndege ya MiG-31 ni ya namna hiyo, na ndiyo iliyotangulia kuleta safu ya fezi kwenye ndege ya kivita, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tatizo ni kwamba mgawanyo huo hula nguvu mara mbili, wakati wa kutuma na wakati wa kupokea. Hasara ya desibeli 3 (desibeli hupima uwiano wa nguvu: 3 ni mara mbili, 10 ni mara kumi) kabla ya amplifaya ya kupokea ina maana kwamba nusu ya mwangwi uliosafiri kilomita mia moja umepotea ndani ya rada yenyewe, na amplifaya haiwezi kuurudisha kutoka kwenye kelele.

Katika safu tendaji kila antena ina moduli yake. Fuata njia ya mawimbi ndani yake. Yanaingia kupitia sakuleta, kifaa kinachotenganisha njia ya kutuma na ya kupokea. Hupita kwenye kinga inayokata nguvu iliyozidi isiunguze kilicho nyuma yake, kisha kwenye amplifaya ya kelele ndogo. Hapo mwangwi unakuzwa milimita chache tu kutoka ulipopokewa, kabla haujapoteza kitu. Baada ya hapo kuna kigeuza fezi na kipunguza nguvu. Wakati wa kutuma, swichi huelekeza njia upande wa pili: kigeuza fezi kilekile, kisha amplifaya ya kuandaa, kisha amplifaya kubwa ya mwisho, kisha sakuleta, kisha antena.

Nchini Marekani rada za PAVE PAWS zilizoanza kazi miaka ya 1980 zilikuwa na vipande 1,792 vya namna hiyo kwa kila uso, kwenye masafa ya chini ambako urefu wa wimbi ni kama sentimita 70 na nafasi ya kuweka vifaa ni tele. Kushusha mpango huo hadi gigahezi 10, ambako kila moduli inapewa mraba wa milimita 15 kwa 15, kulingoja chipu za galiamu asenaidi. J/APG-1 ya ndege ya Kijapani Mitsubishi F-2 hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo kuingia kazini kwenye ndege ya kivita. Leo galiamu naitraidi imechukua nafasi kubwa: hufanya kazi kwa volti 28 au 50 badala ya 8 hadi 10, hivyo mkondo unapungua, na hutoa nguvu mara kadhaa zaidi kutoka kwenye kipande kilekile cha chipu.

Kuhusu mota, rekebisha kidogo ulichosoma. Uso mmoja wa safu huona nyuzi 60 hivi kila upande wa katikati, basi. Ukitaka kuona pande zote unahitaji nyuso tatu au nne, au uuzungushe. Rada ya SAMPSON ya meli za kivita za Uingereza, ambayo ni safu tendaji kamili, ina nyuso mbili zilizopeana mgongo na huzungushwa mara 30 kwa dakika. Mota haikufukuzwa. Imeondolewa tu kwenye kazi ya kufuata kila shabaha.

Kwa nini nyuzi 60

Uso wa safu ukitazamwa kwa ubavu huonekana mwembamba, kama mlango ulio nusu wazi. Kwa nyuzi 60 upana unaoonekana ni nusu, kwa hiyo mwale hupanuka mara mbili. Safu ya antena 32 kwa mstari, zikiwa nusu ya wimbi, ina mwale wa nyuzi 3.2 ikitazama mbele na nyuzi 6.4 ikitazama nyuzi 60. Antena ndogo zenyewe pia hazipendi kutazama pembeni. Hasara halisi hufuata kosini ya pembe ikipandishwa kwenye kipeo cha 1.3 hadi 1.5. Chukua 1.5: kwa nyuzi 60 unapoteza desibeli 4.5 kwenda na 4.5 kurudi, jumla 9. Umbali wa kuona hutegemea mzizi wa nne wa nguvu, kwa hiyo rada inayoona kilomita 100 mbele yake itaona kilomita 60 kwenye ukingo. Mtu anayekutajia umbali wa rada ya safu bila kukutajia pembe amekupa nusu ya habari.

Kikwazo cha pili ni umbali kati ya antena. Zikiwa mbali mno, mawimbi hupatana pande mbili kwa wakati mmoja, na unapata mwale pacha wenye nguvu sawa na ule wa kweli. Rada haitajua ndege iko upande upi. Kanuni ni kwamba umbali usizidi urefu wa wimbi ukigawanywa kwa 1 jumlisha sini ya pembe kubwa kabisa utakayotumia. Kwa nyuzi 60 na milimita 30, hiyo ni milimita 16. Ndiyo sababu namba 15 hurudi kila mahali, na ndiyo sababu moduli haiwezi kunenepa hata kama mhandisi wa joto angependa.

Cha tatu husahaulika mara nyingi. Kigeuza fezi hakicheleweshi muda. Hugeuza fezi tu, na fezi ile ni sahihi kwa masafa mamoja. Masafa yakibadilika kwa asilimia 1 huku mwale ukiwa nyuzi 60, mwale hukengeuka karibu nyuzi 1. Kwa mwale wa nyuzi 6 si kitu. Kwa rada yenye mwale mwembamba inayotaka mawimbi mapana ili kutenganisha shabaha mbili zilizokaribiana, ni tatizo kubwa, na dawa yake ni vicheleweshi halisi vya muda kwa kila kundi la antena. Safu ya sentimita 48 ikitazama nyuzi 60 inahitaji hadi nanosekunde 1.4 kati ya ncha na ncha.

Joto ndilo linaloamua ukubwa

Tuchukue safu ya antena 32 kwa 32, jumla 1,024, sentimita 48 kwa 48. Kila moduli itoe wati 10 na itume asilimia 20 ya muda. Nguvu ya kilele ni kilowati 10, wastani kama kilowati 2. Ufanisi wa asilimia 35 ni wa kawaida, kwa hiyo umeme unaoingia ni kilowati 5.9, na 3.8 kati ya hizo zinageuka joto. Ni sawa na pasi nne za umeme zilizobanwa nyuma ya ubao wa nusu mita. Feni haitoshi. Kioevu hupitishwa kwenye bamba lenye mifereji nyuma ya moduli.

Transista kuungua ni hatari, lakini inajulikana na ina kinga. Hatari ya kimyakimya ni joto lisilo sawa. Kioevu kikiingia kushoto kikiwa baridi na kutoka kulia kikiwa moto, moduli za kulia hubadilisha fezi kwa kiasi tofauti kidogo na za kushoto. Tuseme tofauti ni nyuzi 20 za fezi, ikiongezeka taratibu kutoka ncha hadi ncha. Mwale hauharibiki umbo, nguvu haipungui, hakuna taa nyekundu inayowaka. Mwale umegeuka tu kwa nyuzi 0.2. Kwa umbali wa kilomita 100, hizo ni kama mita 350. Rada inafanya kazi vizuri kabisa na inatoa jibu lisilo sahihi. Ndiyo maana mifereji hupangwa ili maji baridi na ya moto yapite yakipishana, na vipimajoto huwekwa kwenye uso mzima, si kwenye bomba la kutokea peke yake.

Umeme nao una mtego wake. Moduli ya wati 10 kwa volti 28 huvuta kama ampea 1 wakati wa mpigo. Mpigo wa maikrosekunde 50, na umeme usishuke zaidi ya nusu volti, unahitaji kapasita ya maikrofaradi 100 kwa kila moduli, karibu kabisa na amplifaya. Ukiweka kapasita kubwa moja mbali, kwenye ncha ya waya mrefu, volti huyumba ndani ya mpigo, na fezi huyumba nayo. Hapo hutaweza kutofautisha ndege inayokwenda taratibu na mlima usiokwenda popote, kwa sababu rada hupima mwendo kwa kulinganisha fezi ya mpigo na mpigo.

Moduli zikifa

Habari uliyosoma ni kweli, lakini inaficha kitu. Katika ile safu ya 1,024, tuseme moduli 102 zimekufa huku na huku. Nguvu inayotoka imebaki 0.9. Uwezo wa antena kukusanya mawimbi upande mmoja wakati wa kutuma umebaki 0.9, na wakati wa kupokea 0.9. Zidisha: 0.73. Mzizi wa nne wake ni 0.92. Kilomita 100 zimekuwa 92. Tyubu moja ikifa katika rada ya zamani, umbali ni sifuri. Hadi hapo safu inastahili sifa zake.

Kinachofichwa ni miale ya pembeni, yaani miale midogo inayovuja nje ya mwale mkuu. Safu nzima yenye makosa madogo ya kawaida, tuseme nyuzi 6 za fezi na nusu desibeli ya nguvu, ina miale ya pembeni iliyo wastani wa desibeli 48 chini ya mwale mkuu. Moduli 102 zikifa, inapanda hadi 39. Ni zaidi ya mara 8. Kupitia miale hiyo ndimo mwangwi wa ardhi na mawimbi ya wanaovuruga rada huingilia. Kwa hiyo umbali kwenye karatasi umepungua asilimia 8, lakini karibu na milima, au mahali penye mvurugo, rada inaweza kuwa imepoteza zaidi ya hapo kwa mbali.

Na moduli hazifi huku na huku kwa heshima. Hufa kwa makundi, kwa sababu zinashirikiana umeme, kebo ya amri na mfereji wa maji. Mstari mmoja wa moduli 32 ukizimika kwa sababu chanzo chake cha umeme kimekufa, umepoteza asilimia 3 tu. Zingekufa huku na huku, alama yake ingekuwa karibu desibeli 45 chini. Zikifa mstari mmoja, miale ya pembeni kwenye upande ule hupanda hadi desibeli 30 chini. Moduli zilezile 32, madhara mara thelathini na zaidi. Ukikagua mchoro wa rada ya namna hii, acha kuhesabu moduli kwanza. Tazama nani anagawana umeme na nani. Mchoro mzuri huwapa majirani vyanzo tofauti, au huweka chanzo cha akiba.

Kuna moduli mbaya kuliko iliyokufa: ile ambayo kigeuza fezi chake kimekwama. Bado inatuma, bado inavuta umeme, na mfumo wa ukaguzi unaotazama nguvu tu utaiona nzima. Kwa wastani, mchango wake kwenye miale ya pembeni ni mara mbili ya ule wa moduli iliyozimwa. Ikigunduliwa, izimwe. Na moduli mpya ikiwekwa mahali pake, isihesabiwe kuwa imepona mpaka fezi yake ipimwe upya, kwa sababu hata moduli mbili za kiwanda kimoja hazifanani.

Mradi wenu wa antena 8

Nawashauri mwanze na safu ya kupokea peke yake. Haichomi kitu, haitumi mawimbi, kwa hiyo haihitaji kibali cha masafa, na kila jambo muhimu limo humo. Chipu ya ADAR1000 ya Analog Devices ina chaneli 4, hufanya kazi kati ya gigahezi 8 na 16, na hugeuza fezi kwa hatua za nyuzi 2.8. Mnahitaji mbili. Mbele ya kila chaneli wekeni amplifaya ya kelele ndogo. Matokeo ya chipu mbili yaunganishwe, kisha mshushe masafa kwa kichanganyishi kimoja ili kipokezi cha bei nafuu kiweze kuyasoma. Kwa kuwa mnajumlisha kabla ya kushusha, kichanganyishi kimoja kinatosha. Mkiamua kila antena iwe na kipokezi chake na kompyuta ifanye hesabu, basi vichanganyishi vyote lazima vilishwe na saa moja, la sivyo fezi mnazopima hazina maana. Njia hiyo ni nzuri, ila ina mzigo: safu ya chaneli 1,024 ikisoma sampuli milioni 100 kwa sekunde, biti 14 kwa kila nusu ya sampuli, hutoa karibu terabiti 2.9 kwa sekunde. Kwa chaneli 8 inawezekana, lakini si mahali pa kujifunzia.

Chanzo cha mawimbi kinaweza kuwa kihisi cha mwendo cha HB100, kinachotoa gigahezi 10.525. Angalieni kibandiko chake na sheria za nchi yenu kuhusu masafa hayo. Hapo wimbi lina milimita 28.5, na antena zilizo milimita 15 bado hazileti mwale pacha hadi nyuzi 64, kwa hiyo nafasi hiyo inafaa. Lakini tumieni 28.5 kwenye hesabu. Mkibaki na 30, mtaagiza nyuzi 30 na mwale utakwenda 28.4, kisha mtapoteza siku mkitafuta kosa kwenye waya.

Antena za kuchapwa kwenye bodi zinafaa, lakini msitumie bodi ya kawaida ya kijani. Kwa gigahezi 10 inakula mawimbi na tabia yake hubadilika kutoka shehena hadi shehena. Tumieni bodi ya masafa ya juu. Antena ya namna hiyo hufanya kazi kwenye asilimia chache tu za masafa, na kosa la asilimia 1 kwenye urefu wake huhamisha masafa yake kwa karibu megahezi 100.

Urefu wa njia ndipo wengi hukwama. Ndani ya kebo ya kawaida ya plastiki nyeupe wimbi hufupika hadi kama milimita 21. Milimita moja ya kebo ni nyuzi 17 za fezi. Konekta moja isiyokazwa sawasawa hutoa kosa la kuonekana. Kazeni zote kwa spana yenye kipimo, kisha msiguse, na msikunje kebo baada ya kupima.

Sasa kupima, maana hapa ndipo safu inapokuwa rada. Wekeni chanzo mita 2 mbele ya safu, sawa na katikati yake, mbali na meza, ukuta na chuma. Safu yenu ina sentimita 12, kwa hiyo mita 1 ndiyo mwisho wa chini, na mita 2 ni afadhali. Chagueni antena ya 4 iwe kipimo. Washeni hiyo na nyingine moja. Zilizobaki zizimwe kwa amri, zisichomolewe, kwa sababu mlango ulioachwa wazi hurudisha mawimbi na kuwadanganya jirani zake. Zungusheni fezi ya ile ya pili hatua zote 128, mkiandika nguvu kila hatua, kisha tafuteni mahali nguvu inapokuwa ndogo kabisa.

Ndogo, si kubwa. Kwenye kilele, kosa la nyuzi 10 hupunguza nguvu kwa desibeli 0.03 tu, na hakuna atakayeiona. Kwenye shimo, kosa hilohilo la nyuzi 10 hulifukia hadi desibeli 21 chini ya kilele, na mtaliona mara moja. Mkipata shimo, punguzeni ile yenye nguvu zaidi mpaka shimo lizame kabisa. Hapo nguvu zimelingana. Fezi ya shimo ondoa 180 ndiyo sahihisho la antena hiyo. Rudieni kwa zote saba.

Kumbukeni kwamba chanzo kikiwa mita 2, antena za ncha ziko mbali nacho kuliko za katikati kwa milimita 0.7. Hiyo ni karibu nyuzi 9 za fezi. Iondoeni kwenye hesabu, vinginevyo mtakuwa mmeirekebisha safu ione vizuri vitu vilivyo mita 2 tu.

Mkiwasha zote 8 na kupitisha mwale kutoka nyuzi -60 hadi 60 huku chanzo kimetulia, mwale uwe na upana wa karibu nyuzi 12 na miale ya kwanza ya pembeni iwe desibeli 13 chini. Ikiwa 9 au 10, kupima kuna kosa. Ikiwa vilele viwili vinalingana, chaneli kadhaa zimegeuzwa nyuzi 180, mara nyingi kwa sababu antena za nusu moja zimelishwa kutoka ubavu wa pili. Ikiwa mwale unakwenda kushoto mkiagiza kulia, alama ya kujumlisha na kutoa imebadilishana, au antena zimehesabiwa kutoka upande usio sahihi.

Mkitaka miale ya pembeni ishuke hadi desibeli 20, wapeni antena uzito usio sawa: 0.58, 0.66, 0.88, 1, 1, 0.88, 0.66, 0.58. Kwa desibeli, ncha zipunguzwe 4.7, zinazofuata 3.6, kisha 1.1, na za katikati ziachwe. Mwale utapanuka kidogo. Jambo la kuangalia ni kwamba chipu ikipunguza nguvu, fezi yake nayo husogea, kwa hiyo wekeni uzito kwanza, ndipo mpime fezi tena. Na pimeni baada ya vifaa kuwashwa dakika 20 au zaidi, vikiwa vimepata joto lake la kazi, kisha mrudie kesho yake bila kugusa kitu. Tofauti kati ya majedwali hayo mawili ndiyo kiasi ambacho safu yenu inaweza kuaminiwa, na inafaa iandikwe kwenye ripoti kabla ya matokeo mengine.